Kompyuta ya Waranti na Zamu za Maji

Wakesho aliingia dukani Voi akiwa ameifunga kompyuta ya kamati ya mfereji kwa leso, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Shida yake ilikuwa ndogo tu: bawaba ya kioo imelegea. Lakini ndani mlikuwa na zamu za maji za boma zote thelathini na moja za upande wao wa Bura. Madaftari ya zamani kamati ilishayawashia jiko, kwa furaha ya maendeleo.

"Iko kwa waranti, shosho," alisema Lewis wa dukani, tai imemkaba, macho kwenye simu. "Wewe tulia."

Akatulia wiki saba. Akipiga simu, mara iko Nairobi, mara kipuri hakijafika. Huku nyuma Sylus, mwenye shamba karibu na chanzo, akawa anajifungulia maji kila Jumamosi, siku ya Pauline mjane. "Nionyesheni palipoandikwa!" akawacheka. Kabichi za Pauline zikakunjamana kama masikio ya mbuzi mzee.

Kompyuta ikarudi imepanguswa, inang'aa. Bawaba bado inacheza. Ndani hamna hata herufi.

"Zamu zetu ziko wapi?"

"Walifuta. Ndio utaratibu. Ungeweka bakap, nakala ya pembeni, shosho."

"Nilikuletea bawaba, ukanitengenezea kumbukumbu?"

"Si ulitia sahihi?" Akamsukumia karatasi yenye maandishi madogo kama mayai ya chawa.

"Na bawaba?"

"Hiyo waranti haiguzi."

Wakesho alimtazama kuanzia ncha ya kiatu hadi kwenye tai. "Mwanangu, hata mfinyanzi mlevi, ukimpelekea mtungi wenye ufa, haurudishi na ufa wake halafu akataka ashukuriwe kwa kumwaga maji."

Akarudi Bura, akapita boma hadi boma na kalamu yake. Kwenye mfereji wao, anayemaliza zamu haondoki hivi hivi, huenda mpaka kwa anayefuata, akagonga mlango kwa mpini wa jembe na kusema, "Yako hayo." Basi Wakesho hakuuliza zamu ya mtu ni lini, maana hapo kila mmoja angejiongezea. Aliuliza: "Nani hukugongea, na siku gani?"

Jumapili baada ya misa akausoma mlolongo wote mbele ya watu. Nanzala humgongea Pauline, Jumamosi alfajiri. Pauline humgongea Festus.

"Na wewe, Sylus," akauliza, "Jumamosi hugongewa na nani?"

Sylus akatazama kulia, akatazama kushoto. Akakohoa. Hakuna aliyemsaidia kukohoa.

Jumamosi iliyofuata, Nanzala alikwenda na jembe lake mlangoni kwa Pauline.

Sasa madaftari ni matatu: moja kwa katekista, moja kwa Pauline, moja kwa Wakesho. Kompyuta imefunika pipa la mahindi, panya hawaingii. Ndiyo kazi ya kwanza iliyoifanya bila kupelekwa Nairobi.