Tangazo la Nusu

Redio ya Isihaka Mdoe ilikuwa na kiburi. Ikiwa ni muziki wa dansi, iliimba mpaka kuku wakakimbia uani. Likija jambo la maana, ilikohoa, ikakoroma, ikalala. Isihaka alirudi nayo kutoka kazini Mazinde, akaitandikia kitambaa cha kufuma, akaiweka juu ya kabati, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hata mkewe Mwaija aliifuta vumbi Isihaka akiwa amesimama pale pale akimwangalia.

Watu wa Kwemsala waliuvumilia utawala huo kwa sababu hawakuwa na redio nyingine. Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa bado kipya, kila mtu ametolewa alikokuwa na kupangwa kwenye mstari, na ndugu wa mbali hawakujua tena nani anakaa wapi. Kwa hiyo kila mchana walikuja kusikiliza matangazo ya vifo. Redio ndiyo iliyowaambia nani kafa, kafia wapi, na anazikwa lini. Asiyesikia alikuja kuambiwa baada ya arobaini.

Mchana huo redio ilianza na ugonjwa wake mapema. Isihaka aliipiga kofi la ubavuni, ikatema maneno mawili, ikakoroma. Mwaija alikuwa jikoni akisonga ugali, amekwisha kuikatia tamaa, mara sauti ya mtangazaji ikatoka safi kama mtu aliyesimama mlangoni:

"...Mwaija binti Sadala, wa Kwemsala, Handeni. Asikiapo tangazo hili afike upesi. Maziko ni kesho baada ya sala ya..."

Krrr. Kimya.

Mwiko ulimganda Mwaija mkononi. Alitoka jikoni nao hivyo hivyo, umejaa unga, akasimama mbele ya redio.

"Nani?" aliuliza. "Baba Amne, amesema nani?"

Isihaka alikuwa ameduwaa. "Sikusikia. Ilikuwa inakoroma."

Hapo ndipo ulipokuwa msiba wenyewe. Tangazo la kifo huanza na jina la marehemu na kumalizikia kwa jina la anayepewa habari. Wao walikuwa wamepata mkia, kichwa kimemezwa na redio. Mwaija alijua kwamba amefiwa. Aliyemfia hakumjua.

Swaumu, jirani yao wa nyumba ya pili, alifungua kinywa akapiga yowe, kisha akalikatiza katikati. "Sasa," alisema akishika kiuno, "nalia kwa jina la nani?"

Mwaija alikuwa na watu watatu wa kumfia. Mama yake, Hamisa, alikuwa Magoma, mzee wa kushikwa mkono. Binti yake Amne alikuwa ameolewa Korogwe mjini na mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa kujifungua. Ndugu yake Rehani, mwana wa mwisho wa Hamisa, alikuwa anakata mkonge Mazinde. Sehemu tatu, na maziko ni kesho. Akikosea njia atamkuta maiti wake amekwisha kufunikwa, na hilo hatalisahau mpaka naye afunikwe.

"Litarudiwa jioni, kabla ya taarifa ya habari," alisema Habakuki, katibu wa kijiji, mtu mwenye jibu la kila kitu. "Kazi yetu ni kuiponya redio tu."

Kuiponya redio tu! Laiti ingekuwa tu.

Kwanza waliitoa redio uani, wakatoa mawe, yale ya betri, wakayaanika juu ya bati ili yapate nguvu ya jua, kama ilivyo desturi. Duka la ushirika halikuwa na mawe mapya tangu mavuno. Lilikuwa na majembe na siki. Mawe yalipopata moto wa kutosha kuunguza vidole, yakarudishwa. Redio ikatoa mlio wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, ikazima. Habakuki akasema yalianikwa upande usio wake. Yakaanikwa tena upande wa pili.

Kisha Swaumu akasema mawe huumwa. Aliyauma yote kwa zamu, akiyabonyeza kwa magego mpaka yakawa na mabonde. Hakuna kitu. Mzee mmoja akaleta karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ikakunjwa na kushindiliwa kwenye springi zilizoshika kutu. Redio ikasema "ka", basi. Waya wa antena ukapandishwa juu ya paa, ukashushwa, ukafungwa kwenye mpapai. Mtu akatumwa ashike mpapai. Akaambiwa auachie. Akaambiwa aushike tena, lakini kwa mkono wa kulia.

Mwishowe Isihaka alifungua mgongo wa redio kwa bisibisi. Mende watano au sita wakatoka mbio, familia nzima, na kila mtu akasema, "Ahaa!" kama vile ugonjwa umepatikana. Mende walipouawa, redio ilikuwa mbovu zaidi ya mwanzo. Sasa haikukoroma hata kidogo.

Mwaija alikaa kwenye kigoda akiwatazama. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikio yanavuma. Watu wazima wenye akili zao wanabishana na sanduku, na humo ndani kuna jina! Alitaka kulia akashindwa, maana kilio nacho kinataka mtu. Alipomfikiria Amne, alihesabu kwa vidole siku zilizobaki ajifungue. Alipomfikiria mama yake, aliona ile mikono yake iliyokauka ikipepeta mtama. Kisha, bila kutaka, akajikuta anaomba: iwe mama. Mama amekula chumvi nyingi. Iwe mama, Mungu wangu, isiwe mwanangu.

Alishtuka kwa alichokiomba. Aliangalia huku na huku, asije akawa amesema kwa sauti. Amekaa juani, hajui kitu, na tayari amemchagua mama yake mzazi wa kufa. Rehani hakumweka hata kwenye mizani. Rehani alikuwa kijana, mwenye afya ya kubeba gunia kwa meno, nani amfikirie?

Jua lilikuwa limeshuka kwenye migomba na saa ya matangazo imekaribia. Isihaka alikuwa amepiga magoti mbele ya redio, bisibisi mkononi, jasho linamtiririka, anamkaripia Habakuki, na Habakuki anamkaripia mtu wa mpapai. Mwaija aliinuka. Aliwapenya, akaichukua redio mikononi mwa mumewe, pamoja na kitambaa chake, akaibwaga chini.

"Mwaija!" Isihaka alipiga kelele. "Umeniua!"

Redio ilibiringika, ikalala kifudifudi vumbini, ikaanza kusema.

Hakuna aliyethubutu kuigusa. Walisogea wote, wakainama juu yake kama watu wanaochungulia kisima. Yalipita matangazo ya Lindi, ya Singida, ya Bukoba. Kisha:

"Uongozi wa shamba la mkonge, Mazinde, unasikitika kutangaza kifo cha mfanyakazi wake, Isihaka Mdoe, kilichotokea jana kazini. Habari zimfikie mkewe, Mwaija binti Sadala, wa Kwemsala, Handeni. Asikiapo tangazo hili afike upesi. Maziko ni kesho baada ya sala ya adhuhuri."

Watu waliinua vichwa polepole, wakamtazama Isihaka. Alikuwa bado amepiga magoti, bisibisi mkononi, kifua kinapanda na kushuka. Swaumu alirudi nyuma akakanyaga bati lililoanikiwa mawe.

Habakuki ndiye aliyeanza kucheka. "Marehemu!" alisema. "Hata kukuosha bado, umekwisha kufungua redio!"

Kicheko kikawalipukia wote. Mtu wa mpapai alikaa chini kwa kucheka. Mwaija naye alicheka, alicheka mpaka machozi yakamtoka na mbavu zikamuuma, maana alikuwa amerudishiwa watu wake wote kwa mpigo mmoja: mama mzima, Amne mzima, Rehani mzima. Wamekosea jina huko Mazinde, wajinga wa Mungu, na laana yote ya mchana ule ilikuwa bure! Alimgeukia mumewe amshike bega.

Isihaka hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umekuwa rangi ya majivu.

"Baba Amne, umefufuka, mbona hufurahi?"

"Twende ndani," alisema.

Ndani kulikuwa na giza kidogo. Isihaka alikaa kitandani, akasimama, akakaa tena. Nje waliendelea kucheka.

"Nilipoacha kazi kule," alisema, "walikuwa hawaandiki watu wapya. Rehani alikuja kunililia. Kipande cha kazi hakina picha, Mwaija. Kina jina na namba. Nikampa kipande changu. Akahamia kambi nyingine wasikonijua, akaendelea na kazi kwa jina langu."

Mwaija alimsikia vizuri, neno kwa neno, lakini maneno yalikataa kuingia.

"Umempa nini?"

"Jina. Wengi hufanya hivyo. Kule kuna mtu amefanya kazi kwa jina la marehemu baba yake mpaka ameota mvi."

"Kwa hiyo Isihaka aliyekufa..."

"Ndiyo."

Jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba bado alikuwa na tabasamu usoni, limebaki pale lilipoachwa na kicheko, na hakujua namna ya kulitoa.

Isihaka alipiga magoti mbele yake kama alivyopiga mbele ya redio. "Nisikilize. Tukisema ukweli watanifunga, ni udanganyifu huo. Wewe wanakungoja kama mjane. Nenda ukalie kama mjane. Mimi nitakuja nawe, niwe shemeji yako. Azikwe, tufunge mdomo, turudi. Yeye amekwisha kufa, jina halimsaidii kitu."

Mwaija alimtazama mtu huyu aliyezaa naye. Hakumjibu. Isihaka akadhani amekubali.

Alfajiri walipanda lori la mahindi hadi Korogwe, na kutoka hapo basi la Mombo, mkonge kila upande, safu baada ya safu. Njiani Isihaka alimfundisha la kusema: kwamba jina lake yeye ni Mdachi, mdogo wa marehemu. Alirudia mara nyingi, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto salamu. Mwaija alikuwa anatazama mkonge. Tangu jana hakuwa ametoa chozi hata moja la msiba, na alianza kuogopa kwamba hana.

Kambini waliwapokea kwa heshima. Wanawake walimkumbatia wakimwita mjane, wakamfunika kanga kichwani. Nyapara, mtu mrefu aliyeitwa Matayo, alimweleza kwamba toroli la mkonge liliacha reli likamlalia. "Mumeo alikuwa mtu wa watu, mama," alisema. "Isihaka hakuwa na ugomvi na mtu." Nyuma yake Isihaka alikuwa amevuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Wakampeleka kumwona maiti. Walifunua uso kidogo, na alikuwa Rehani, kovu la utotoni juu ya jicho, midomo imefungwa kama mtu aliyeonywa asiseme. Mwaija aliweka kiganja kwenye paji lile baridi. Wakafunika.

Sala ilikwisha. Wanaume walikuwa wamekwisha kulishika jeneza wakati imamu wa kambi alipokuja upande wa wanawake, akainamisha kichwa.

"Samahani mama. Kwa ajili ya talkini. Huko kaburini nitamwita kwa jina lake na la mama yake, nimkumbushe majibu atakayoulizwa. Mama yake Isihaka anaitwa nani?"

Mwaija aliona jambo lile lote waziwazi. Watamshusha mdogo wake shimoni, watamfukia, kisha sauti itamwita kutoka juu, Isihaka, ewe Isihaka, na Rehani atalala pale akisikiliza mtu mwingine anaitwa.

"Hamisa," alisema.

"Isihaka mwana wa Hamisa. Ahsante, mama."

"Sikusema Isihaka."

Imamu alisimama. Wabeba jeneza nao walisimama.

Mwaija aliinuka, kanga ikamdondoka mabegani. Hakumtazama imamu wala nyapara. Alimtazama yule mwanamume mwenye kofia.

"Wanawake hatufiki kaburini," alisema. "Mimi siwezi kwenda kumwita kwa jina lake. Baba Amne, sema."

Isihaka alitikisa kichwa kidogo sana. Macho yake yalimwomba, na yalikuwa macho ya mtu anayezama.

"Sema, ama nitalala mbele ya jeneza lisitoke hapa."

Isihaka alivua kofia. Aliikunja, akaikunjua.

"Isihaka Mdoe ni mimi," alisema.

Mwanamke mmoja alipiga kelele. Wabeba jeneza wa mbele waliyumba, na mtu mmoja akasoma aya kwa sauti akirudi nyuma. Matayo alimtazama aliye hai, akalitazama jeneza, akamtazama tena, mdomo wazi.

"Na huyu ni nani?" aliuliza imamu.

"Rehani. Rehani mwana wa Hamisa. Nilimwazima jina langu."

Jeneza liliondoka. Isihaka aliomba kushika mguu mmoja wa mbele, wakamruhusu, na Matayo alitembea ubavuni mwake akiwa amemshika mkono wa shati ili asitoroke. Mwaija alibaki amesimama mpaka watu wa mwisho walipopotea kwenye mkonge. Wanawake walimzunguka, hawajui tena wampe pole ya nani, na mmoja wao akauliza kwa kunong'ona ni nani yake.

"Mdogo wangu," alisema Mwaija. "Rehani." Akalirudia kwa nguvu, "Rehani!" na hapo kilio kikaja.