Kushoto mwa Picha

Mtu wa kampuni ya mazishi alitaka kitu kimoja tu: picha ya uso wa dada yangu Sumie. Mkesha ulikuwa jioni ile ile, na picha kubwa yenye utepe mweusi lazima ikae juu ya madhabahu, la sivyo wageni watamwinamia nani? Nikamwambia asihangaike. Shemeji yangu Eikichi ni mpiga picha, yumo kwenye klabu ya kamera ya hapa mjini Okaya tangu ujana wake. Picha za mkewe zitakuwa tele.

Jamani, zilikuwa tele kweli. Nikamwaga kasha moja mkekani, karibu na pale Sumie alipolazwa na kitambaa cheupe usoni, nikaanza kuchambua. Gazeti. Gazeti. Gazeti tena, limefunguliwa wazi, na pembeni vidole vya dada yangu vimelishika.

"Shemeji, uso wake uko wapi?"

"Yupo," akasema. "Yuko nyuma ya gazeti."

Eikichi alikuwa na lenzi mbili za kamera, za jina moja, za kiwanda kimoja. Moja ya zamani, aliyorithi kwa baba yake, kioo chake kimeshaingia umanjano wa chai. Nyingine ni toleo jipya alilojinunulia alipostaafu. Kila Jumapili alimsimamisha Sumie uani ashike gazeti, maana herufi ndogo ndizo zinazoonyesha lenzi ipi inaona vizuri. Anapiga kwa ile ya zamani, anabadilisha, anapiga kwa mpya, kisha anabeba picha kwenda klabuni kubishana. Ya zamani ilitangulia siku zote, kwa heshima ya marehemu baba. Na Sumie, kwa ule upole wake uliokuwa ukinitia hasira, alisimama kwenye baridi mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. "Usipumue," Eikichi alikuwa akimwambia.

Mzee Kuroiwa, mwenzake wa klabu, alikuja kutusaidia kutafuta. Msaada gani! Aliokota picha mbili tu, akasahau kilichomleta.

"Eikichi, bado nasema ulipunjwa. Mimi ninayo mpya kama hiyo, na haina ukungu huu."

"Si ya kwangu peke yake, zote ndivyo zilivyo!" Shemeji akachangamka. "Tazama. Kulia unasoma mpaka matangazo ya nyumba za kupanga. Kushoto hakusomeki kitu. Sasa tazama ya zamani, herufi moja moja mpaka pembeni. Siku hizi hawajui kutengeneza."

"Ya zamani? Hiyo inayomfanya kila mtu aonekane ana homa ya manjano?"

Wakacheka. Wallahi sijui niliwezaje kukaa pale nisiwarushie kasha. Dada yangu amelala hatua chache kutoka kwao, ameuawa na uvimbe wa kichwani, na wao wanacheka habari za vioo! Nikawapokonya zile picha ili nizirudishe, na hapo ndipo nikaona kidole gumba.

Kushoto mwa picha ni mkono wa kulia wa aliyeshika. Katika picha ya lenzi ya zamani, gumba lile limebana gazeti sawasawa. Katika ile ya mpya, iliyopigwa baadaye kidogo, gumba limelegea, na ukingo wa gazeti umepinda kwenda nyuma, herufi zikafifia pale pale. Nikatafuta za kabla na za baada ya hapo. Nilizipanga kwa nguo zake tu: blauzi ya kiangazi, sweta, koti. Kwenye blauzi, kingo zote zimenyooka, picha za lenzi zote mbili zinasomeka. Sweta lilipoanza, picha za mpya zikafifia kushoto. Kwenye koti zito, hata za zamani zikaanza.

"Hizo za mwisho," akasema Eikichi, "nilidhani na lenzi ya baba imeingia kuvu kwenye kioo."

"Si lenzi, shemeji. Ni mkono. Ikifika zamu ya mpya, alikuwa ameshachoka. Mkono wake ulikuwa unakufa mbele ya kamera yako."

Eikichi akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama, na safari hii hakukiweka juu ya herufi. Alikiweka juu ya gumba. Akahamia picha nyingine, na nyingine.

Mzee Kuroiwa naye akachungulia. "Kumbe ile mpya haina kasoro," akasema. Nadhani lilimtoka tu, maana alijishika mdomo papo hapo.

"Kiwandani waliniambia," Eikichi akasema polepole. "Niliirudisha mara mbili. Mara zote mbili wakasema ni nzima."

"Lenzi uliipeleka mara mbili," nikamwambia. "Mkeo hukumpeleka hata mara moja, mpaka alipoanza kuangusha vijiti vya kulia mezani."

Sikumhurumia, na sitasema uongo kwamba nilimhurumia.

Mtu wa mazishi aliikuza picha ya leseni ya udereva ya Sumie. Ilitoka na chembechembe, na Sumie amekunja uso kama aliyeambiwa asipumue, lakini ni yeye.

Jioni wageni wakaja, wakachoma ubani, wakainama. Kila mmoja alimwuliza Eikichi lile lile, kwamba ugonjwa ulianza lini. Kule hospitali, daktari alipomwuliza, alijibu kwamba ulianza ghafla tu, mwezi uliopita. Jioni ile nilikaa karibu yake nikasikia jibu lake, sauti ya chini, kwa kila mgeni.

"Tangu majani yalipopukutika, mwaka jana. Ninazo picha."