Marwar Si Jina la Mtu

Kwetu mwanamke akiolewa, jina lake hubaki kwa baba yake. Ukweni ataitwa kwa nchi aliyotoka. Mimi nilitoka Sirohi, basi mwaka wa ishirini na mbili huu mimi ni Sirohi: Sirohi lete maji, Sirohi ng'ombe hajakamuliwa. Mama mkwe wangu alikuwa Marwar.

Jina lake lilikuwa zito kuliko langu, maana kila mtu alijua maana yake: nchi ya mauti. Mchanga mtupu, mvua kwa bahati. Hapa Mewar mvua ikichelewa, baba mkwe alikuwa akipaza sauti kutoka kitandani kwake uani, "Tumeoa mauti wenyewe, sasa tunalalamika nini?" Majirani walikuwa wakicheka. Mama mkwe alipofiwa na watoto wawili kwa ndui mwaka mmoja, hakuna aliyecheka, lakini jina lile walilisema tena, kwa kunong'ona. Mimi nilisimuliwa tu, na bado sijawasamehe.

Mwenyewe alikuwa mtu wa mzaha. "We Sirohi, njoo ule chakula cha watu," alikuwa akiniita. Chakula cha watu ni mkate wa uwele, wa kwao; ule wetu wa mahindi aliuita wa ng'ombe. Serikali mpya ilipoufuta ufalme wa Marwar, alisema, "Haya, nayo imekufa. Nimebaki mimi. Nikiondoka, funga mlango."

Mwaka huu, baada ya mavuno, alianguka jikoni, upande mmoja ukafa ganzi. Jioni akanivuta mkono.

"Mwanangu, mkipeleka majivu yangu mto Ganga, mwandishi anayetunza kitabu cha ukoo atauliza jina. Usikubali waniandike Marwar. Nikae kitabuni milele na mauti yao?"

"Basi niambie jina lako, mama."

Aliolewa ana miaka minane. Kwao walimwita Mdogo, huku wakamwita Marwar.

"Nilikuwa nalo," alisema. "Ngoja nilitafute."

Alilitafuta siku nne. Kila nikiingia na uji namkuta anatazama dari, midomo inacheza. Siku ya tano alfajiri alikuwa ameshakufa.

Nilimtuma mume wangu, ambaye jina lake silitamki kwa heshima, akamuulize baba yake.

"Jina?" Mzee alishangaa kweli. "Marwar. Kwani alikuwa na lingine?"

Walikuwa wameoana miaka hamsini na moja. Kaka zake mama walishakufa wote, na watoto wao walimjua kama shangazi tu.

Tukapanda treni hadi Haridwar, kando ya Ganga. Mwandishi akafungua kitabu chake kirefu, chenye vizazi saba vya ukoo wetu.

"Marehemu ni nani?"

"Marwar," mume wangu akasema.

Mwandishi akaweka kalamu chini. "Bwana, hiyo ni nchi, tena nchi yenyewe haipo. Mimi naandika watu. Kama huna jina, naacha wazi."

Akageuza kurasa kutuonyesha kwamba si jambo geni. Kando ya majina ya wanaume niliona nafasi tupu, moja baada ya nyingine. Mume wangu akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote pamoja. Pale mwanamke hasemi. Nikavuta mtandio usoni nikasema, "Jatan. Aliitwa Jatan."

Mwandishi akaandika. Majivu yakaenda na maji, na mimi nikalia mpaka mtandio ukalowa.

Tulipokuwa tunarudi, mume wangu alinimegea mkate, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jatan," alirudia. "Jina zuri. Mama alikwambia lini?"

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa na mzaha wowote. Macho yalikuwa mekundu kwa kumlilia mama yake. Jatan ni jina langu. Siku ya harusi yetu kuhani alilitaja mara tatu mbele ya moto, yeye akiwa amekaa ubavuni kwangu.

"Siku ya nne," nikamjibu. "Alilipata siku ya nne. Kula, safari bado ndefu."