Sentensi ya Saba

Mwalimu wa Kiingereza aliyabwaga madaftari mawili mezani.

"Sentensi kumi, neno kwa neno! Mmoja wenu ni mwizi, na mwizi harudi tena darasani kwangu."

Daftari moja lilikuwa la mke wa kinyozi. Mwaka mzima alifua mashuka ya hoteli mchana, jioni akaja kusoma. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki mbili, na bila cheti angezeekea kwenye sabuni. Kazi yenyewe ilikuwa kuunga vitenzi viwili kwa kale ka-"to" ka Kiingereza: wanataka kula, anapenda kucheza.

Wifi yake, dada wa mumewe waliyeishi naye nyumba moja, ndiye mwenye daftari la pili; akawahi kusema kabla yake.

"Mwalimu, huyu ni mtoto mgongoni, uji mkononi. Muda wa kuandika aupate wapi? Nilimwonyesha langu kwa huruma. Kweli, mfadhili mbuzi!"

Watu wakacheka. Mwalimu alilishika daftari lenye madoa ya uji kwa ncha za vidole. "Hili nalo ni daftari au sahani? Kusanya vitu vyako, mama."

Mke wa kinyozi akasimama. 

"Soma ya saba, mwalimu. Kwenye lake, si langu."

"My daughter refuses to sleep," mwalimu akasoma, kisha akafasiri: "Binti yangu anakataa kulala."

"Sasa muulize huyo binti yake anaitwa nani."

Kicheko kikakatika. Wifi alirudishwa kwao baada ya miaka sita ya ndoa, kwa kukosa mtoto, na mtaa mzima ulijua.

Wifi akakusanya kalamu zake polepole. "Ulipokuwa ukiiandika hiyo ya saba," akasema, "nani alikuwa amempakata mwanao?"



"Toka," mwalimu akamwambia wifi.

Mke wa kinyozi akabaki na kiti chake. Somo likaendelea, aliandika kila kitu, asielewe hata mstari mmoja.

Aliporudi nyumbani, alimkuta binti yake ukumbini, mikono juu, akimng'ang'ania shangazi yake abebwe kama kawaida. Wifi akaibandua ile mikono, kidole kimoja kimoja.

"Nenda kwa mwenye daftari," akasema, akaingia chumbani na kufunga komeo.

Mtoto akaugonga mlango kwa viganja. Mama yake alipomwinua, akajipinda, akamsukuma kifuani, akakataa kubebwa.