Mlango wa Kijani wa Ruqiya

Ruqiya aliketi kwenye kiti cha taar, redio ya kuongea na watu wa mbali, akamweleza mama yake aliyekuwa Elwak kwamba wao ni wazima. Kama ilivyo desturi, alikuwa ametaja kwanza jina lake, la baba na la babu, kisha nyumba yake hapo Garissa, mlango wa kijani nyuma ya soko la ngamia, ili majibu yamfikie. Mama alimuulizia mjukuu wake, Nasteha. Ruqiya akasema mtoto anasoma, ila bado akisikia fimbo ikigonga mlango, kama alivyogonga baba yake, hukimbilia chini ya kitanda. Aliyasema bila hofu. Adow, mtalaka wake aliyeapa kumchukua mtoto, alikuwa Bute, na redio ya Bute ilikuwa imeharibika.

Asubuhi dereva wa lori aliingia akaagiza chai. Alisema yuko Modogashe, katika hoteli yenye redio, na kwamba mlango huu umeota ukutani. Ruqiya alichungulia nyuma yake, akaona lori na vumbi la Modogashe. Akampa chai. Adhuhuri akaja mwuza viatu kutoka Wajir, na viatu vya kumtosha Nasteha barabara.

Kila penye redio iliyomsikia palikuwa na mlango wa kijani kama wake. Ruqiya akaupaka wake buluu. Yote ikawa buluu. Akahama nyumba, mlango ukamfuata kama mbuzi ajuaye kwao.

Akamwendea Abdishakur, mwenye taar, kumwomba ayafute maneno yake.

“Abaayo, dada yangu, ulikubali mwenyewe.”

“Lini?”

“Ulipokaa. Imeandikwa chini ya kiti.”

Ruqiya akakipindua. Maandishi yalikuwepo, madogo kama sisimizi: atajaye mlango wake huwafungulia wote wasikiao.

“Nani husoma chini ya kiti?”

“Hakuna. Lakini wote hukaa.” Abdishakur akakirudisha kiti mahali pake. “Na yule mwuza viatu ni mtu mwema. Hunitumia sukari.”

Kisha, kama atoaye habari njema, akamwambia redio ya Bute imepona, na itapokea hata maneno ya zamani.

Ruqiya alirudi nyumbani akasukuma sanduku la nguo mlangoni, ingawa mlango ulifungukia nje.

Baada ya sala ya alasiri, fimbo iligonga. Nasteha akajipenyeza chini ya kitanda, kisigino cha kiatu kipya kikitoweka mwisho. Ruqiya akakitazama, akakumbuka kwamba maficho hayo nayo aliyataja redioni.