Seli Zilizosusa Kula

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni mtafiti wa maabara. Nyumbani tunamwita Bi Hadubini, na jina ameshalizoea.

Mwaka ule bwawa la maji ya mji lilitanda mwani wa bluu-kijani, mzito kama rangi iliyomwagika. Sisi tukachemsha maji, tukajiona wajanja. Wifi akatuambia moto unaua mwani, sumu yake inabaki palepale. Alitaka kujua sumu hiyo, hata ikiwa kidogo, inazifanya nini seli nyeupe za damu, zile zinazomeza vijidudu mwilini.

Damu akaitoa kwangu.

"Maneno yako nayajua," alisema akinifunga mpira mkononi. "Leo nataka damu tu."

Akazitia seli sumu kidogo, akangoja zife. Hazikufa. Mkuu wake, mzee mpole, akayapitia majibu. "Mama, kwa kiasi hiki sumu haidhuru. Tushike mengine."

Wifi hakuridhika. Ziko hai, sawa, lakini zinafanya nini? Akaziwekea bakteria waliotiwa rangi inayong'aa, akainamia hadubini mpaka shingo ikakakamaa. Nilipompitia twende nyumbani, akanivuta nitazame. Seli zisizotiwa sumu zilikuwa zimeshiba, matumbo yanang'aa. Zilizotiwa sumu zilizungukwa na bakteria, nazo zimetulia kama mtoto aliyesusa chakula.

"Hizi zimekufa?" nikauliza.

"Hazijafa. Zimeacha kazi."

Mkuu akaitwa. Alitazama, akavua miwani, akaipangusa, akatazama tena. Kisha akakunja mkono wa shati. "Rudia kwa damu yangu. Halafu tafuta na ya watu wengine."

Akarudia, majibu yakawa yaleyale. Maabara nyingine nayo ikayapata hivyohivyo, na idara ya maji ikamwita aeleze.

Mimi na mume wangu tulikaa safu ya nyuma. Wifi hakujitapa. Alisema hayo ameyaona kwenye kisahani cha maabara, ya ndani ya mwili bado anayatafuta, ila yanatosha kuanza kuiondoa sumu hiyo majini sasa. Ofisa mmoja akamuuliza kwa nini hakuishia kwenye majibu ya kwanza.

"Nilikuwa sijatazama vizuri," akajibu, akaendelea na picha nyingine.

Mume wangu alijikohoza, akageukia dirishani. Nikampa leso afute machozi.