Diski ya Boksi Namba Kumi na Nne

Kila kompyuta niliyoiunga mimi ina maandishi ndani ya kava lake. Naandika kwa kalamu ya wino mzito: jina langu, tarehe, na kila kifaa kimetoka wapi. Kompyuta ya asiye na kitu ni mchanganyiko, memori ya huku, feni ya kule, na usipoandika, siku ikirudi imekufa hujui pa kuanzia. Mafundi wenzangu walinicheka. Wengine wao wanapaka prosesa dawa ya meno badala ya dawa yake ya kupozea joto, kwa hiyo kicheko chao hakikuninyima usingizi.

Mwaka 2003 ofisi moja iliyokuwa ikiandikisha wakimbizi wa Burundi ilifungwa, vitu vyake vikapigwa mnada. Nilinunua maboksi ishirini ya kompyuta, yote ya aina moja, kila moja lina namba ubavuni. Kwa fundi wa Ujiji hiyo ni sikukuu, maana kifaa cha hili kinaingia kwenye lile bila ugomvi.

Boksi namba kumi na nne ndilo lililoniponza. Nilipoliwasha kulijaribu niliona hawakufuta kitu. Mlikuwa na orodha ya watu: jina, picha, alikotoka, anamkimbia nani. Nikasoma kwa umbea tu, nikashuka, nikashuka, hadi nikakutana na uso wa Verediana.

Verediana alikuwa mpangaji wangu, na alipika chapati kwenye baraza langu. Mtaa mzima ulimjua kuwa ni Mha wa Mwamgongo, mwenyeji wa hapahapa Kigoma. Mle ndani alikuwa na jina jingine, na chini yake maelezo mafupi: aliwaona kwa macho yake waliochoma soko la kwao watu wakiwa wamefungiwa ndani. Wanalijua jina lake, na wanamtafuta asije akasema.

Nilipaswa kufuta palepale. Lakini nina kanuni yangu, kwamba diski kuukuu haizungushwi bure, kwa sababu kila ukiizungusha unaipunguzia siku. Huwa nafuta siku mnunuzi wa diski akipatikana, si kabla. Basi nikaichomoa nikaitia kwenye droo, nikafunga diski nyingine, na boksi likaenda kwa mfanyabiashara wa dagaa Kibirizi. Ndani ya kava nikaandika kama kawaida: "Boksi 14. Diski yake ya asili iko kwa Hasna, Ujiji." Ubahili na unadhifu, vyote viwili ni vyangu.

Verediana sikumwambia kitu. Niliona aibu kwamba nimesoma siri yake.

Jumanne moja asubuhi akaja mtu na pikipiki nyekundu yenye mlio wa kukohoa. Alikuwa na shati lililopigwa pasi, na kwapani amebana kava la kompyuta, kava peke yake.

"Habari za kazi, fundi. Hasna ni wewe?"

"Ni mimi."

"Una mwandiko mzuri." Akaliweka mezani, maandishi yangu juu. "Nayafuata maboksi ya ile ofisi ya wakimbizi. Hili nimelinunua Kibirizi. Nataka diski yake ya asili."

"Ya nini, kaka? Ni kuukuu ile."

"Namtafuta ndugu yangu. Jina lake ninalo. Sura ndiyo sina."

Mtu asiyeijua sura ya ndugu yake mimi sijawahi kumwona. Nilifungua droo polepole nikaitoa diski, akaiona, kisha akageukia barazani.

"Bwakeye, mama," akatoa salamu ya asubuhi ya Kiha. "Nipe mbili."

"Bwakeye," Verediana akaitika, akazifunga kwenye gazeti.

"Wewe wa wapi?"

"Mwamgongo, kaka."

"Nasikia samaki wa huko wananona."

"Wananona kweli."

Akalipa, akasema asante. Akarudi mezani kwangu anatafuna. "Iwashe niione."

Kusema diski haipo nisingeweza, alikuwa ameshaiona mkononi mwangu. Ikiwaka, dakika tano zinatosha kuufikia ule uso, na mwenye uso yuko hatua nne nyuma yake anasukuma unga.

Plagi ya umeme wa diski ina kona mbili zilizokatwa ili isiingie kichwa chini. Plagi zangu zimechomekwa na kuchomolewa miaka, kona zimelika. Ukiilazimisha inaingia, na volti kumi na mbili zinakwenda mahali pa volti tano. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nililifanya kwa makusudi, nikisukuma kwa kidole gumba huku nikijifanya nakohoa, kisha nikabonyeza swichi.

Moshi mwembamba ukapanda, na harufu yake ikaifunika ya chapati.

"Imekufa?" akauliza.

"Vitu vya mnada, kaka."

Akajifuta mafuta ya vidole kwa gazeti, akaichukua diski yake vilevile ikiwa ya moto. "Mafundi wako wengi Kigoma," akasema, akaondoka.

Pikipiki haikuwa imekata kona nami nikajua nimefanya kazi nusu. Kilichoungua ni bodi ya chini tu. Sahani za ndani, zenye picha, ni nzima. Ukihamishia bodi ya diski nyingine ya aina ileile, inaamka. Hiyo mbinu ni yangu mwenyewe, nimeifundisha mji mzima, na diski za aina ileile nimeziuza mji mzima.

Siku mbili zikapita. Kila pikipiki ilinitoa kitini. Mara tatu nilitoka barazani nimwambie Verediana, na mara tatu nikarudi na chapati nisiyoihitaji. Nilijiambia labda hatapata fundi anayejua. Mwoga hakosi la kujiambia.

Alhamisi asubuhi Leodgar, fundi wa mtaa wa Mwanga, akaingia na baiskeli, anahema na kucheka.

"Shikamoo, dada Hasna."

"Marahaba."

"Ile mbinu yako ni dawa. Kaja mteja na diski imeungua bodi. Natazama, ni pacha wa ile uliyoniuzia. Nimehamisha bodi, ikaamka." Akavuta kiti. "Milima haikutani, dada. Anamtafuta ndugu yake. Kufungua picha, namwona nani? Huyu wako wa chapati. Nikamwambia asihangaike, tunakula kwake kila wiki. Alifurahi, akanishika kwa mikono miwili."

"Umemwambia lini?"

"Sasa hivi. Nimemwacha anajaza mafuta pikipiki, nikakata njia ya mkato niwe wa kwanza kumpa dada habari."

Nilitoka barazani bila viatu. "Verediana, ondoka. Yule wa chapati mbili ameiona picha yako."

Hakuuliza yupi. "Nilimjua siku ileile, ni mmoja wa waliochoma soko," akasema. "Ningekimbia angenishtukia, ndiyo maana nikakaa. Hakuwa na sura yangu. Ameipata wapi?"

"Kwangu. Ilikuwa kwenye droo yangu. Niliisoma, sikuifuta, na sikukwambia."

Akaitazama chapati iliyokuwa kikaangoni. Kisha akavua kanga yake begani, akaiweka juu ya kigoda.

"Geuza hiyo," akasema. "Inaungua."

Leodgar alikuwa mlangoni, cheko limemkauka. Nilimwambia ampitishe Verediana uani, ampakie kwenye baiskeli, asisimame mpaka mwaloni, na amtie kwenye mtumbwi wa kwanza unaoondoka. Walipotoka, Verediana hakugeuka nyuma, na sikustahili ageuke.

Kutoka kwangu hadi ziwani kwa baiskeli ni dakika kumi na tano, na ilibidi niwapatie mimi. Nikajitanda kanga yake mpaka usoni, nikakaa kwenye kigoda chake, mgongo barabarani, nikatandaza donge la unga. Chapati ikatoka na pembe.

Pikipiki ikakohoa, ikazimwa nyuma yangu.

"Bwakeye, mama," akasema.

"Bwakeye," nikaitika, nikaitia chapati kwenye mafuta.